Kondoo Wangu na Joka la Kariuki

Vijana mnaoshika brashi, mtu akiwaambia kwamba kazi nzuri hutoka kwa moyo mweupe, msikilizeni kwa heshima, halafu mwendelee na kazi yenu. Moyo wangu mimi haukuwa mweupe. Nimeandika mabango na kuchora kuta kutoka Kitengela mpaka Isinya mpaka Kajiado mjini tangu Mwende, mtoto wangu wa kwanza, akiwa mgongoni, na siku nyingi kilichonitoa kitandani hakikuwa njaa. Kilikuwa wivu. Nilimwonea wivu mchoraji mmoja anayeitwa Kariuki, na kwa vile nimestaafu na sina mteja wa kuogopa, nitasema wazi kwamba bado namwonea.

Kariuki ni mtu wa kutoka Murang'a. Baba yake alinunua shamba hapa wakati Kitengela ilikuwa nyasi na pundamilia, kwa hivyo yeye alianza kazi akiwa na mahali pa kuweka ngazi. Mimi nilitoka Ukambani na begi moja, na ngazi niliibeba kwa kichwa. Lakini si hiyo iliyoniuma. Iliyoniuma ni mkono wake. Mimi nilifundishwa na marehemu Fundi Mutiso kupiga ukuta mistari ya chaki kwanza, miraba kutoka juu mpaka chini, ndipo mchoro mdogo wa kwenye karatasi uhamie ukutani bila kupinda. Ni njia nzuri na msiidharau. Kariuki hakupiga mistari. Alisimama, akawasha sigara, akaangalia ukuta mpaka sigara ikaisha, kisha akachora ng'ombe mzima kama mtu anayeandika jina lake. Na ng'ombe akatoka sawa.

Wangu hawakutoka sawa kila mara. Kuna bucha moja Isinya, mwenyewe aliita duka lake kwa jina la dume, na mimi nikamchorea dume mzuri mwekundu mwenye nundu na pembe ndefu. Nilikuwa nimezoea kuchora ng'ombe wa duka la maziwa, na mkono una mazoea yake. Asubuhi wanaume wa pale walikuwa wamesimama mbele ya bucha wakicheka mpaka wanashikana mabega, kwa sababu dume wangu alikuwa na kiwele. Nilikuwa juu ya ngazi nikikifuta wakati Kariuki alipita na pikipiki yake. Alisimama, akazima injini.

"Nduku," akasema, "huyo dume anatoa lita ngapi asubuhi?"

Hiyo hadithi aliisimulia miaka na miaka. Nilifika harusini Ngong nikakuta imenitangulia.

Sasa, kabla sijasahau, hili ni la kuweka akilini. Udongo wetu mweusi hapa Kitengela ukinywa maji huvimba, ukikauka hupasuka, na nyumba hupasuka pamoja nao. Usipake rangi juu ya ufa. Uchimbe kidogo, ujaze, ungoje ukauke, upige msasa. Upepo ukianza, mwaga maji chini mbele ya ukuta, la sivyo vumbi lote la barabara ya Namanga litakuja kulala juu ya rangi yako mbichi. Jicho la mnyama lichore mwisho, ukiwa umekula. Mtu mwenye njaa huchora macho yenye njaa.

Zilipokuja mashine za kuchapisha mabango ya plastiki, kazi ilipungua ghafla. Mwenye bucha sasa alipata picha ya ng'ombe wa Ulaya, anaifunga kwa waya jioni hiyo hiyo. Mimi na Kariuki tulibaki tukigombania kuta za shule za nasari na za makanisa. Alikuwa bado ananishinda. Na ni wakati huo, kiangazi kikiwa kibaya hata mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala kando ya barabara ya Kajiado, ndipo Mama Lin alipotuita.

Mama Lin alikuwa Mchina wa makamo mwenye hoteli ya chakula katika uchochoro nyuma ya barabara kubwa. Wachina wa kazi za barabara walikula kwake, na watu wetu pia walikuwa wameanza kuzoea tambi zake. Kiswahili alikitoa sokoni kwa wauza vitunguu, kwa hivyo kilikuwa na bei nyingi na salamu chache. Alituita wote wawili siku moja bila kumwambia yeyote kuhusu mwenzake. Tulikutana langoni.

"Nduku."

"Kariuki."

Mama Lin alituketisha jikoni, akatuwekea chai isiyo na maziwa wala sukari, akaendelea kumenya vitunguu saumu.

"Nataka wanyama kumi na mbili kwa ukuta ya mbele," akasema. "Kwa duara. Mwaka yetu mpya inakuja, na ni mwaka ya yule chui mkubwa ya mistari. Lazima wakuwe tayari."

Kariuki akauliza ni wanyama gani hao, na kwa nini kumi na mbili. Hapo ndipo Mama Lin alipotuambia hadithi ambayo watoto wa kwao huambiwa kabla hawajajua kusoma.

Mfalme wa mbinguni aliwaita wanyama washindane kuvuka mto, na wa kwanza kumi na wawili wangepewa kila mmoja mwaka wake. Ng'ombe aliamka mapema kwa sababu anajijua si mwepesi. Panya akaomba kubebwa mgongoni, na walipofika ukingo wa pili akaruka mbele, akawa wa kwanza. Paka alikuwa amemwomba panya amwamshe, panya hakumwamsha, na ndiyo maana paka hana mwaka na uadui wao haujaisha. Chui alipambana na mkondo wa maji. Sungura alirukaruka juu ya mawe mpaka gogo likambeba. Joka, ambalo lina uwezo wa kuruka angani na lingeshinda wote, lilifika la tano.

"Kwa nini la tano?" nikauliza.

"Iliona watu wako na kiu njiani, ikasimama kuwapa mvua," akasema Mama Lin. "Halafu ikaona sungura kwa gogo, ikapuliza upepo imsaidie. Kwetu joka si mbaya. Joka ni mvua."

Baada ya joka alikuja nyoka, aliyejificha kwenye kwato ya farasi akamshtua, kwa hivyo farasi akawa wa saba. Kondoo, tumbili na jogoo walivuka pamoja kwa kusaidiana. Mbwa alichelewa akicheza majini. Nguruwe alikula, akalala, akafika wa mwisho.

"Hiyo ni ya watoto," Mama Lin akaendelea. "Baba yangu alikuwa mwalimu. Alisema hesabu ndiyo ilianza. Zamani sana watu walihesabu miaka kwa kumi na mbili, na saa za siku pia. Wanyama wakaingia baadaye, ndio mkulima ambaye hajasoma akumbuke. Hata kwa makaburi ya zamani wamepata vipande vya mianzi vimeandikwa majina ya wanyama, na kuna mahali si sawa na wetu wa leo. Hakuna mtu anajua nani alianza."

Akatuambia kwamba kwao ni vibaya kumwuliza mtu mzima umri wake, kwa hivyo unamwuliza mnyama wake, kisha unapiga hesabu kimyakimya. Wazee wa kuozesha watoto waliangalia wanyama kwanza, kwa maana wapo wanaopatana na wapo wasiopatana. Na mwaka wa mnyama wako mwenyewe, unaorudi kila baada ya miaka kumi na miwili, si wa kusherehekea. Ni mwaka wa hatari, unavaa mshipi mwekundu ukukinge.

"Mimi nilikuja Kenya mwaka yangu," akasema. "Na mshipi."

Kisha akamgeukia Kariuki, akamwuliza alizaliwa mwaka gani. Kariuki akamwambia. Mama Lin akahesabu kwa kidole gumba kwenye vifundo vya vidole vyake.

"Wewe ni Joka."

Mngeuona uso wa Kariuki mngedhani amepewa cheo. Mama Lin akazidisha, akasema kwamba kuna wazazi kwao wanaongoja mwaka wa Joka ndipo wazae, kwa sababu mtoto wa mwaka huo anategemewa kuwa mtu mkubwa.

Mimi nikampa kitambulisho changu, kimeandikwa Januari mosi. Akahesabu. "Farasi," akasema, na nikakaa sawa kwenye kiti. Farasi ni mnyama wa kujivunia. Lakini akaniangalia tena. "Ni kweli ulizaliwa Januari moja?"

Nikacheka. Nikamwambia kwamba wengi wa rika langu walizaliwa Januari mosi, kwa sababu karani aliyekuwa akiandikisha alichoka kuuliza. Mama yangu alisema nilizaliwa wakati wa kupalilia, mvua ya masika ikinyesha.

"Mwaka yetu inaanza mwisho wa Januari ama Februari," akasema. "Kama ni Januari moja, uko mkiani mwa Farasi. Kama ni wakati wa mvua, basi umepita. Wewe ni Kondoo. Kama mimi."

Nilikuwa Farasi kwa muda wa kumenya kitunguu kimoja.

Alivyotugawia kazi, nilijua mapema itakuwaje. Mimi nilipewa panya, ng'ombe, sungura, kondoo, jogoo na nguruwe. Kariuki akapata chui, joka, nyoka, farasi, tumbili na mbwa. Yaani mimi zizi, yeye dunia. Tulipotoka nje Kariuki aliwasha sigara yake.

"Angalia usimwekee jogoo kiwele," akasema.

Tulifanya kazi ukuta mmoja, yeye kulia, mimi kushoto, kila mtu na ngazi yake. Ng'ombe wangu alitoka vizuri, na panya nilimweka mgongoni mwake akiwa tayari kuruka, jambo lililomfanya Mama Lin apige makofi. Lakini kila nikigeuza shingo niliona joka likikua. Kariuki hakuwa amewahi kuona joka maishani, hata la kwenye sanamu. Mama Lin alimwonyesha picha kwenye simu mara moja tu, pembe za paa, ndevu, mwili wa nyoka, makucha ya tai, naye akairudisha simu akasema inatosha. Jioni nilikuwa nikifika nyumbani bila hamu ya ugali. Mwende akaniuliza kama ni presha.

Kondoo ndiye aliyenishinda. Nilimchora, nikamfuta, nikamchora. Siku moja Mama Sein alifika. Yeye ni mama Mmaasai anayeuza kondoo na mbuzi soko la mifugo la Kajiado, na ndiye aliyekuwa akimletea Mama Lin nyama.

"Supa, Nduku," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Epa."

Aliangalia ukuta kwa muda. "Hii ni nini?"

"Ni kondoo."

"Mkia iko juu. Mkia ikiwa juu ni mbuzi. Lakini uso ni ya kondoo. Sasa hii mnyama ikipotea, mwenyewe atasema amepoteza nini, enker, yaani kondoo, ama enkine, mbuzi?"

Juu ya ngazi ya pili Kariuki alicheka mpaka brashi ikamdondoka. Mama Lin akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nilipomweleza, akasema kwamba hata kwao jambo hilo lina ubishi, kwa sababu neno lao la mnyama huyo ni moja kwa kondoo na mbuzi. Kuna wanaochora kondoo, kuna wanaochora mbuzi.

Mama Sein alimwangalia kwa huruma. "Neno moja ya kondoo na mbuzi? Na hao watu wanachunga kweli?"

"Wewe chagua, Nduku," Mama Lin akasema akicheka. "Ni wako."

Kesho yake nilienda na Mama Sein bomani kwake, njia ya kuelekea Kajiado, nikiwa na karatasi na penseli. Njiani nilimweleza habari ya kuuliza mnyama badala ya umri, akasema hakuna jipya, hata wao hawaulizi miaka, wanauliza rika. Tulipofika akanipeleka zizini. Kiangazi kilikuwa kimemmaliza. Kondoo waliobaki walikuwa ngozi na mifupa, na ile mikia yao minene ya mafuta imening'inia mitupu kama mifuko. Alimshika jike mmoja mwekundu, akamsimamisha mbele yangu.

"Mchore huyu," akasema. "Lakini usimchore vile yuko. Mchore vile alikuwa."

Nilimchora nusu kwa macho na nusu kwa maelezo ya Mama Sein, aliyenionyesha kwa viganja vyake mkia ulikuwa na upana gani, na shingo ilikuwa inakaa vipi akiwa ameshiba. Nilirudi nikamhamishia ukutani, mkia chini, mwekundu wa Kajiado, amenona. Mama Sein alipoleta nyama tena alimtambua, akamtaja kwa jina lake. Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo, na ingenitosha kama joka lingekuwa ukuta mwingine.

Halafu mwaka mpya wao ukafika. Taa nyekundu zikatundikwa, watu wakaja, Wachina kwa Wakenya, na kila mmoja akatoa simu. Mjue walisimama wapi. Mbele ya joka. Watoto waliinuliwa mabegani wakalishika ndevu. Hakuna aliyepigwa picha na nguruwe wangu. Kariuki alikuwa amevaa koti, anapeana mkono kama bwana harusi. Mimi nilienda zangu jikoni, nikamkuta Mama Lin peke yake anakaanga.

Nilimwuliza bila kuzunguka. "Mama Lin, mbona ulinipa kondoo?"

Alipunguza moto. "Una wivu na joka?"

"Niko nao."

"Hata mimi," akasema.

Akaniambia kwamba kwao kuna watu wanaoamini msichana aliyezaliwa mwaka wa Kondoo hana bahati, kwamba hatajenga nyumba ikasimama. Yeye alikuwa amechumbiwa na kijana waliyependana. Mama wa kijana alipouliza mnyama wake, maneno yakaishia hapo. Mdogo wake alizaliwa miaka tisa baadaye, mwaka wa Joka, na baba yao, yule mwalimu aliyejua kwamba ni hesabu tu, alichinja na kualika mtaa mzima. Mdogo huyo akasomeshwa, akaolewa vizuri, na kila sikukuu picha yake ndiyo iliyowekwa mezani.

"Sikutaka kondoo yangu ichorwe na mtu ya joka," Mama Lin akasema. "Angeichora bila kuiangalia."

Tulikaa pale jikoni tukila maandazi yao ya nyama, wanawake wawili wa Kondoo, tukisikiliza watu nje wakilisifu joka. Nilimzidi umri kwa mzunguko mmoja kamili. Nawaambia, wivu ukiwa wa watu wawili una ladha.

Miezi ikapita, mvua haikuja. Siku moja mwenye jengo, Mzee Ndung'u, alimtembelea Mama Lin akiwa na akina mama wawili wa kikundi cha maombi. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeitwa kuandika bei mpya ukutani. Mzee alikuwa mpole, hata kofia alivua.

"Mama Lin, hatuna shida na chakula yako," akasema. "Shida ni hiyo kitu. Biblia imeshasema joka ni nani. Watu wanafunga na kuomba mvua, halafu wakitoka kanisani wanaipita hapo imefungua mdomo. Wanasema ndiyo imefunga mvua."

"Lakini joka ndiyo inaleta mvua," Mama Lin akasema.

"Kwenu."

"Na nyoka je?" nikauliza, maana alikuwa pale pale kando.

Mmoja wa akina mama akamtazama nyoka. "Huyo pia tunamjua, lakini huyo ni mdogo," akasema.

Mzee Ndung'u akasema kwamba mkataba wa nyumba unaisha hivi karibuni, na angependa kuuandika upya akiwa na amani na kanisa lake. Hakutisha. Alisema tu, akavaa kofia yake.

Mama Lin alimpigia Kariuki simu. Kariuki akakataa. "Mimi sifuti kazi yangu," akamwambia. "Mwambie Nduku. Hiyo siku ameingoja miaka mingi."

Na alikuwa sawa, mjue. Kesho yake nilifika mapema kuliko mfagiaji, nikiwa na ndoo ya rangi nyeupe na roli mpya. Nilikuwa nimelala vizuri. Mama Lin alifungua lango, akaniangalia, akarudi jikoni. Alikuwa ameanza kupakia vyombo kwenye masanduku, kama mtu anayejiandaa kuhama mkataba usipoandikwa.

Nikasogeza ngazi kwa joka. Katika miezi yote ile sikuwahi kulikaribia. Nilikuwa nimeliangalia kwa pembe ya jicho, vile unavyomwangalia mtu uliyekosana naye sokoni. Sasa nilikuwa mbele yake hatua moja. Kila gamba lilikuwa na rangi tatu, ya tatu nyembamba kama uzi, mahali ambapo mtu wa chini hawezi kuiona. Tumboni, kule kwenye kivuli cha paa, lilikuwa limechorwa kwa uangalifu ule ule. Halafu nikaona mgongo wake. Ukuta ule ulikuwa na ufa mrefu wa udongo mweusi. Mimi upande wangu nyufa zote nilizijaza kama nilivyofunzwa, na zilikuwa zimeanza kufunguka tena, sungura tayari alikuwa amepasuka sikio. Kariuki hakuujaza wake. Aliufuata. Ufa ndio uliokuwa uti wa mgongo wa joka, kutoka shingoni mpaka mkiani, na ukuta ukizidi kupasuka joka lingejinyoosha tu.

Niliteremka nikakaa juu ya ndoo. Msidhani ilikuwa huruma. Nilikuwa nimeelewa kwamba nikilifuta, kila mtu atalikumbuka likiwa zuri kuliko lilivyokuwa, na mimi nitabaki na wivu bila kitu cha kukionea. Ukuta mweupe hauwezi kushindwa na mtu. Kama nilitaka kumshinda Kariuki, ilibidi joka libaki.

Nilimpigia Mzee Ndung'u simu. "Mzee, ukipita hapa uone mawingu ya mvua, na usione mdomo umefunguka wala mwili, utakuwa sawa?"

"Mawingu hayana shida na mtu," akasema.

Nilirudisha rangi nyeupe nyumbani. Nikaleta kila kopo nililokuwa nalo. Sikupiga mistari, mara ya kwanza maishani, kwa sababu wingu halina kona. Nilichora mawingu yale yanayotoka upande wa Ukambani mvua ikikaribia, ambayo mtu asiyeyajua huyachora meusi. Si meusi. Yana majivu, yana zambarau kama biringanya iliyoiva, na chini yana wekundu wa vumbi unaoinuka kuyapokea. Kiangazi kile hakuna aliyekuwa ameyaona, kwa hivyo niliyachora kwa kuyatamani. Yalifunika mdomo, yakafunika mwili, yakaujaza ukuta mzima nyuma ya wanyama wote. Nilibakisha kipande cha mgongo kinachoonekana kama ukingo wa wingu, ukucha mmoja, na jicho ambalo lazima ulitafute. Chini ya hayo yote nilimwacha kondoo wangu mnono akiinua kichwa.

Mama Lin alitoka, akasimama, mikono ikiwa na unga. Aliniambia kwamba hata kwao wachoraji wa zamani walilificha joka mawinguni hivyo hivyo. Mimi sikujua. Kisha akarudi kupanga vyombo vyake kabatini. Mzee Ndung'u alileta mkataba mwenyewe. Akina mama wa maombi walikuja pia, na yule aliyemhurumia nyoka akasimama mbele ya mawingu mpaka wenzake wakamvuta mkono.

Mvua ilinyesha baadaye sana, kwa wakati wake. Hakuna aliyesema ni joka, hakuna aliyesema ni maombi yake peke yake. Mama Sein alibaki na kondoo wa kuanzia.

Watu wakaanza tena kuja na simu. Watoto walikuwa wanashindana kulitafuta jicho. Na bado, niwaambie ukweli, nilikuwa nikipita nasikia mtu anamwambia mgeni wake, "Huu ni ule ukuta wa Kariuki." Nilikuwa nauma meno naendelea na safari.

Kariuki mwenyewe hakuja kwa muda. Alipokuja nilikuwa kwa Mama Lin, naziba lile sikio la sungura. Alizima pikipiki, akaja akasimama. Aliwasha sigara kama kawaida yake, lakini hakuivuta. Ilijiunguza kati ya vidole vyake mpaka majivu yakaanguka kwenye kiatu. Aliangalia juu kushoto, akashuka polepole, akarudi tena juu. Nilimwona akilipata jicho. Nilimwona akiliacha, akirudi kwa mawingu.

Nikauona uso wake. Lile jambo nililolibeba tangu Mwende akiwa mgongoni lilikuwa limekaa pale, kwenye taya na pembe za mdomo, na nililitambua mara moja, kama vile mtu anavyoitambua sufuria yake akiikuta jikoni kwa jirani.

"Haya mawingu ni yako," akasema.

"Ni yangu."

Akakohoa. Miaka yote hiyo hakuwa amewahi kuniuliza jambo la kazi. "Hiyo zambarau," akasema. "Ulichanganya nini na nini?"

Nikapangusa brashi yangu pole pole, upande mmoja, halafu wa pili.

"Nimesahau," nikamwambia.

Wiki iliyofuata alikuja tena kuuliza. Nikasahau tena.